Kaya ya Watu Kumi na Tisa

Aliyesema kwamba Wamang'ati wamemwaga samaki ni mimi. Naanza na hilo kwa sababu wapo watu Katindiuka wanaonisifia mpaka leo kwa yaliyotokea shuleni, na mimi sifa za nusunusu sizitaki. Nilisema kwa kinywa changu, kwa sauti, mbele ya mwenyekiti wa kamati ya kambi, mwiko ukiwa mkononi. Wanasema maji yakimwagika hayazoleki. Mimi yangu niliyazoa. Sikuyamaliza, lakini niliyazoa.

Mwaka ule mvua zilishuka bila kupumzika mpaka mto ukaacha njia yake ukaja kututembelea majumbani. Mpunga wangu ulikuwa ndio kwanza unatoa masuke. Niliuona mara ya mwisho asubuhi, na mchana palikuwa na maji tu na juu yake mlango wa choo cha jirani unaelea. Nilitoka na mama yangu mzazi, wanangu wawili, gunia moja la mchele na sufuria zangu kubwa tatu. Tukapelekwa shule ya msingi iliyo kwenye mwinuko, na kufikia jioni kila darasa lilikuwa na kaya saba au nane, madawati yamerundikwa nje yanaloa.

Watu walinicheka kwa zile sufuria. Godoro nimeliacha, masufuria nimebeba. Lakini mimi ni mpishi wa misiba, na nilijua palipo na watu wengi na huzuni, mtu atauliza sufuria kabla hajauliza godoro. Kweli, kesho yake kamati ilipoundwa, mwenyekiti alinifuata mwenyewe. Alikuwa muuza mbegu na madawa ya mashamba, mtu nadhifu, aliyelala kwenye turubai kama sisi wengine, na sitamsingizia ubaya asiokuwa nao. Akasema, "Dada, shika jiko."

Nikashika. Na kwetu kushika jiko la msiba kuna taratibu zake, ambazo hazijaandikwa popote lakini kila mtu anazijua. Anayeshika mwiko wa kwanza haamriwi na mtu mpaka shughuli iishe. Mwenye msiba awe na cheo gani, jikoni anapiga hodi. Na mpishi naye ana sharti lake: hapakui mpaka ajue kwamba kila aliyelala pale atapata. Mtu akikosa, aibu si ya mwenye msiba, ni ya mpishi. Nimewahi kuona mama mtu mzima akilia msibani kwa sababu wachimba kaburi walirudi wakakuta sufuria tupu. Hakwenda tena kupika kwa watu mpaka alipokufa.

Siku ya pili mtumbwi ulileta Wamang'ati. Ni wafugaji wa ng'ombe, na wao wenyewe hujiita Wabarbaig, lakini wakati huo sikujua wala sikujali. Mwenye mtumbwi alikuwa mume wa mpishi mwenzangu, Mndamba, mvuvi wa mtoni tangu utoto, na aliwakuta juu ya kichuguu maji yakiwa yamewafika magotini. Wanaume wao walikuwa wameswaga ng'ombe waliobaki kuelekea milimani, na maji yakawafungia huko huko. Waliofika kwetu walikuwa wanawake, watoto, na mzee mmoja asiyeona vizuri. Jumla kumi na watano. Mmoja wa wanawake, binti mdogo tu, alikuwa na mimba ya kukaribia, na alitembea ameshika kiuno kwa mikono yote miwili.

Darasani hakuna aliyesogea kuwapisha. Walikaa kwenye varanda ya darasa la tatu, upande ambao mvua inapiga.

Nami sikuwapisha. Niseme ukweli wote. Misimu miwili kabla ya hapo ng'ombe wa Wamang'ati waliingia kwenye mpunga wa kaka yangu, tuliyechangia tumbo moja, wakala shamba zima mchana kweupe. Alipokwenda kuwatoa alipigwa fimbo, mkono ukavunjika, ukaunga vibaya. Mpaka leo akishika jembe analishika kiupandeupande. Kwa hiyo nilipopita kwenye ile varanda na kumwona mama yao mkubwa, mwanamke wa umri wa kuwa dada mkubwa wa mama yangu, shanga shingoni na bangili za shaba hadi karibu na kiwiko, sikumsalimia. Mimi, niliyelelewa kwamba ukimpita mkubwa bila shikamoo umejitukana mwenyewe, nilimpita kama ninavyopita nguzo.

Sasa chakula. Mafuriko yana ukatili wa kuchekesha: yanakuchukulia mpunga, yanakuletea kambale. Walijaa kwenye uwanja wa mpira, watoto wakawa wanawachota kwa ndoo. Mchele tulikusanya kila mtu alichonusuru, na mboga ikawa samaki, asubuhi samaki, jioni samaki. Mpishi mwenzangu alikuwa kwenye ufalme wake. Nikamtania kwamba Wandamba walikuwa wanaomba mvua hii kwa siri. Akanijibu kwamba Wapogoro tukishushwa kutoka Mahenge tunaanza kukohoa, kwa hiyo ninyamaze nimenye vitunguu.

Siku ya tatu nilipokuwa naenda kumwaga maji machafu nyuma ya vyoo, nikakuta vipande vya kambale vimetupwa kwenye majani. Vizima, na mchuzi wake. Mbwa wawili walikuwa wanavigombania. Pembeni palikuwa na mabakuli ya plastiki, yale tuliyowapa watu wa varandani.

Niliona giza. Kwetu bondeni samaki si mboga tu. Ni chakula cha mgonjwa, cha mzazi aliyejifungua, cha mgeni unayemheshimu. Mtu akimwaga samaki wako amekwambia kwamba wewe ni uchafu, na pia amekwambia kwamba hana njaa. Sikuwahi kufikiri kuna maana ya tatu. Nadhani hakuna mtu aliyezaliwa kando ya mto huu angefikiri. Nikaenda moja kwa moja kwa mwenyekiti nikamwambia, watu wakisikia, "Wale Wamang'ati wako wanamwaga chakula. Tunahangaika na moshi hapa, wao wanalisha mbwa."

Akatoa daftari akaandika. Nikarudi jikoni nikiwa nimeridhika.

Kesho yake jioni alitutangazia. Lori la msaada lingefika keshokutwa, na wanaohesabiwa ni walio kwenye rejista ya vitongoji. Wale wafugaji hawako kwenye rejista yoyote. Tena wana ng'ombe. Tena chakula wanamwaga, na hilo limeshuhudiwa. Kwa hiyo kesho saa tatu asubuhi watahamishiwa kwenye tuta la barabara, wasubiri wenzao. Alimalizia kwa kusema, "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe." Watu wakapiga makofi. Kaka yangu alipiga kwa mkono mzima kwenye paja.

Mimi sikupiga. Nilitaka, lakini neno "limeshuhudiwa" lilinikwama. Tuta la barabara halikuwa na paa, na maji yalikuwa yanalila kutoka pande zote mbili. Nikamtazama yule binti mwenye mimba. Hakuwa anaelewa hata neno moja.

Nikaenda bombani kuosha sufuria, nikisugua kwa hasira bila kujua hasira ni ya nani. Yule mama mkubwa akaja, akachuchumaa, akachukua mchanga na majani akaanza kusugua sufuria ya pili. Hakuomba ruhusa. Bangili zake zilikuwa zinagonga bati.

Mwisho nikamwuliza, bila adabu, "Kwa nini mnamwaga chakula changu?"

Akaacha kusugua. Kiswahili chake kilikuwa cha mnadani, kifupi lakini kilitosha. "Wali tunakula. Tunashukuru. Samaki kwetu hapana. Babu hakula, bibi hakula. Nikikupa nyoka, utaona mimi nimekupa chakula?"

"Si mngesema."

"Kwa nani?" akasema. "Wewe hata salamu hatuna."

Hapo nikamkumbuka mama yangu. Nikiwa mdogo, baba alikuja na nyama ya mbawala, harufu ikajaa nyumba nzima, sisi watoto tukala mpaka tukalala hapohapo. Mama alipika, akapakua, akaenda kulala na njaa. Ukoo wao hawali mbawala. Hakuna aliyemwambia ana kiburi. Hakuna aliyemwambia kwamba kama ameacha nyama basi ameshiba. Baba alimchomea mihogo. Hili nilikuwa nalijua tangu utoto, na kwa siku tatu halikunijia hata mara moja, kwa sababu waliokuwa mbele yangu walikuwa Wamang'ati.

Nikamwuliza, "Watoto wamekula nini siku tatu hizi?"

"Wali wa juu. Ule haujagusa mchuzi." Akaonyesha kwa vidole kiasi chake, vidole vitatu vimekutana. "Huyu mjamzito hata huo unamrudi. Unanuka."

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tena. Watu kumi na watano walikuwa wanalala njaa kwenye msiba ambao mwiko nimeushika mimi.

Nilimkuta mwenyekiti anapanga turubai lake. Nikamweleza yote. Alinisikiliza kwa upole, na upole huo ndio uliniudhi zaidi.

"Dada, si wewe mwenyewe uliyesema wanamwaga?"

"Ni mimi. Nilisema bila kujua. Sasa najua, nakwambia futa."

"Hili la samaki ni dogo. La rejista ndilo kubwa. Lori likifika likikuta watu wasio na kitongoji, nitajibu nini? Nimlaze njaa mwanakijiji nimpe mtu wa porini?"

"Hajatoka porini, katoka majini. Kama wewe."

"Saa tatu," akasema, akaendelea na turubai lake.

Asubuhi nilipika uji wa watoto, watoto wote, wa madarasani na wa varandani. Sikuwa na ugomvi na watoto. Uji ulipoisha nikavuta kuni kutoka kwenye mafiga yote matatu, nikamwagia maji, nikageuza sufuria kubwa kifudifudi, nikaikalia. Mwiko nikaulaza mapajani.

Mpishi mwenzangu akaniuliza kama nina homa.

"Sina homa. Sipiki. Msiba huu una watu nimewalaza njaa, na sipakui tena mpaka nijue watapata na watabaki."

Nilijua anafikiria nini. Mumewe alikuwa anategemewa na kamati kwa samaki, na yeye alikuwa na watoto sita. Kisha akageuza sufuria ya pili. "Mume wangu amevunjika mgongo kwa kuwapigia kasia," akasema. "Siwezi kukubali alipiga kasia bure." Akakaa.

Kufikia saa mbili na nusu uwanja ulijaa. Watu wazima wenye njaa hawana subira, na nilitukanwa matusi mengine nikayaona mapya. Mtu mmoja akasema samaki mmoja akioza wote wameoza, akimaanisha wale wa varandani. Nikamwambia kama amekuja kutafuta samaki, jiko limefungwa.

Kaka yangu akapasua watu akaja mbele. Akainua ule mkono wake.

"Hawa ndio walionivunja huu," akasema. "Wewe ni wa tumbo langu. Unakaa upande wao?"

Nilimpenda kaka yangu, nampenda hata sasa, na swali lake liliniuma kuliko matusi yote. Lakini nilikuwa nimeshawaka. "Aliyekuvunja alikuwa mwanaume," nikamwambia, "na alikuwa mmoja. Mtafute, nitakwenda na wewe mpaka polisi, nitakupikia na chakula cha njiani. Huyu binti mwenye mimba alikuvunja wapi? Yule babu asiyeona alikuonaje mpaka akupige?"

Mtu akacheka nyuma. Kaka hakucheka. Alishusha mkono akaondoka.

Mwenyekiti akaja na daftari lake. Alisimama mbali kidogo, pale ambapo jiko linaanzia, akasema, "Hodi." Hata wakati ule nilimheshimu kwa neno lile.

"Karibu," nikasema. "Mgeni siku ya tatu apewe jembe, ulisema. Wape jembe, watalima. Wewe umewapa barabara."

"Usinifanye mbaya mbele ya watu. Nionyeshe pa kuwaandika. Fomu hii hapa." Akaifungua akainyoosha kwangu, watu wote waione. "Kitongoji. Jina la mkuu wa kaya. Waliolala kwenye nyumba hiyo. Wao hawana kitongoji, hawana nyumba, mkuu wa kaya yuko milimani na ng'ombe. Niandike wapi? Nitengeneze kitongoji chao hewani?"

Kusema kweli alikuwa amenishika. Sikuwa nimefikiria mbali kiasi hicho. Nilikuwa nimefikiria mwiko tu. Nikatazama ile fomu. Jina langu lilikuwa mstari wa saba, kwa mwandiko wake mzuri, na mbele yake imeandikwa watu wanne: mimi, mama, wanangu wawili.

"Andika kwangu," nikasema.

"Unasemaje?"

"Kaya yangu. Futa nne, andika kumi na tisa."

"Nyumba yako ina vyumba viwili."

"Nyumba yangu iko chini ya maji. Ina vyumba vingapi sasa hivi?"

"Na lori likileta chakula cha watu wanne..."

"Nitagawa cha wanne kwa kumi na tisa. Kugawa ndiyo kazi uliyonipa."

Watu waliokuwa wanapiga kelele walikuwa wanasikiliza, na nadhani wengi walikuwa wanahesabu kaya zao wenyewe, maana hakuna kaya bondeni humu isiyo na mpwa, au mkwe, au mtoto wa mtu fulani aliyekuja kusalimia miaka kumi iliyopita. Mama yangu mzazi alitoka darasani na fimbo yake, akasema kwa sauti yake ndogo kwamba kama mwenyekiti ameishiwa wino, yeye ataomba kalamu kwa walimu. Mwenyekiti akaandika.

Niliwasha moto upya. Tulipika maharage yaliyochangwa madarasani, kwenye sufuria ambayo haijaguswa na samaki, ile aliyoisugua yeye mwenyewe, na niliisimamia mpaka ikaiva. Nilipopeleka varandani nilisimama mbele ya yule mama mkubwa na bakuli mikononi. Nikasema, "Shikamoo, mama." Ilikuwa salamu iliyochelewa siku nne. Akaitikia "Marahaba," akapokea bakuli, akampa kwanza yule binti. Binti alikula akamaliza, akalamba vidole, akalala palepale alipokaa. Tukawahamishia ndani, pembe ya darasa letu, na waliokuwa humo walisogea. Wengine walisogea wamenuna, lakini walisogea.

Binti alijifungua siku sita baadaye kwenye zahanati, mtoto wa kike. Maji yalipopungua wanaume wao walikuja kuwachukua na ng'ombe wachache waliokonda. Walivuka kivuko cha chini wakaelekea upande wa Lupiro. Mama mkubwa aliniachia bangili moja. Haipiti mkononi mwangu, mikono yangu ni minene ya mwiko, kwa hiyo iko kwenye msumari ukutani.

Kaka hakuongea nami msimu mzima. Siku hizi tunaongea habari za mbolea na mvua. Ule mkono hatuutaji, wala uwanja wa shule. Sijamwomba msamaha kwa nilichosema siku ile na sitamwomba. Ila kila mwaka, wakati wa palizi, nakwenda kumalizia upande wa shamba lake ambao jembe lake haliufikii vizuri, naye ananiacha nilime.

Juzi mwenyekiti wa kitongoji chetu, kijana mpya, alikuja na rejista kuhakiki watu kabla ya masika. Alinisalimia vizuri, akakaa kwenye kigoda, akaufungua ukurasa wangu akakunja uso.

"Shikamoo mama. Hapa kuna makosa. Inasomeka kaya yako ina watu kumi na tisa. Nimeambiwa ni mambo ya mafuriko yale. Naona nipunguze, nibakize mnaokaa hapa."

Nilikuwa napepeta mchele. Niliweka ungo chini.

"Hao wengine wametoka," nikamwambia. "Mtu akitoka hafutwi."

"Mama, hao ni Wamang'ati. Hawatarudi."

"Mawingu unayaona?"

Aliyaona. Yalikuwa yameshukia milima ya Udzungwa tangu asubuhi.

"Basi hayo yakifunguka watarudi, na wakirudi hutawauliza kitongoji. Na kweli ukurasa huo una makosa, kwa hiyo toa kalamu."

Akatoa, akidhani nimekubali.

"Kuna mtoto alizaliwa," nikasema. "Andika ishirini."